Anza na namba saba, dreva itakuja

Mtu akianza kuupenda mchezo wa gofu, swali lake la kwanza huwa lile lile: ninunue dreva gani? Sishangai. Dreva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, ndiyo inayotajwa zaidi, na mpira ukitoka vizuri kwenye tii (kijiti cha kuwekea mpira) kila mtu aliye karibu anageuka kutazama. Ila tupige hesabu. Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida una mashimo manne ya para 3 (mafupi, ya kufika kwa mkwaju mmoja), kwa hiyo dreva unaitoa kwenye begi mara 14, tena ukiamua kuitumia kila panapowezekana. Pata, fimbo ya kuviringishia mpira shimoni, unaitoa mara 30 na zaidi. Mikwaju iliyobaki karibu yote ni ya ayoni (fimbo za kichwa cha chuma) na weji (ayoni fupi za karibu na shimo), na huko ndiko mchezaji anayemaliza kwa mikwaju 95 au 105 anakopoteza raundi yake.

Msimamo wangu ni kwamba fimbo inafuata swingi, yaani namna unavyoizungusha. Ukinunua kabla ya kujua swingi yako inafanya nini, unanunua kwa kubahatisha. Na kuijua hakuhitaji mashine ya rada wala safari ya ng'ambo. Unahitaji ayoni namba saba, marka ya ubao mweupe, mipira kumi na kipande cha ardhi chenye nyasi. (Maelezo yote hapa ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.)

Paka wino wa marka nyuma ya mpira, doa la ukubwa wa sarafu, pale uso wa fimbo utakapogusa. Piga, kisha tazama uso wa fimbo. Utaona alama. Ikumbuke ilipo, futa kwa kitambaa chenye maji, paka mpira mwingine, piga tena. Fanya hivyo kwa mipira yote kumi, na usijali mpira umeenda wapi. Kwa sasa tunachotafuta ni mahali pa mguso tu.

Alama zikikusanyika upande wa ncha ya fimbo, ama umesimama mbali na mpira, ama mikono inajivuta kuelekea mwilini wakati wa kushuka. Zikikusanyika upande wa kisigino, karibu na shingo ya fimbo, mara nyingi uzito umehamia vidole vya miguu na nyonga zimesogea kuelekea mpira. Hapo uko hatua moja tu kabla ya shanki, ule mpira unaogonga shingo na kuruka kulia kwa pembe ya ajabu. Alama zikiwa chini kabisa ya uso, fimbo imeanza kupanda kabla ya kuufikia mpira, au umeinua kifua. Zikitapakaa uso mzima bila mpangilio, shida ni usawa wa mwili na mshiko, na hakuna fimbo ya bei yoyote itakayotibu hilo.

Dawa ya mguso wa kisigino ni rahisi na inaudhi, lakini inafanya kazi. Weka mpira wako, kisha weka kifuniko cha dreva upande wa mbali wa mpira huo, ukiacha nafasi ya sentimita tatu au nne. Piga mpira bila kugusa kifuniko. Nyonga ikisogea mbele, fimbo inakwenda nje na kifuniko kinaruka. Nyumbani, simama mgongo ukielekea ukutani, makalio yaguse ukuta kidogo, uiname kama unayetaka kupiga. Ukizungusha kwenda nyuma, kalio la kulia libaki ukutani. Ukishuka, la kushoto lichukue nafasi yake. Makalio yote mawili yakiachana na ukuta kabla ya mikono kufika pale mpira ungekuwa, umelipata kosa lako.

Mshiko tuutazame kwa makini, maana makosa mengi ya uso wa fimbo huanzia hapo. Katika mkono wa kushoto, fimbo ipite kwa mshazari: kutoka kwenye kiungo cha kati cha kidole cha shahada hadi chini ya kidole kidogo. Isilale katikati ya kiganja. Ikilala kiganjani, kifundo cha mkono hakikunjiki vizuri, mwendo unapungua, na uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa bado wazi, yaani umeelekea kulia. Ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya vidole vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja tu, mshiko ni dhaifu. Herufi V inayoundwa na gumba na kidole cha shahada, kwa mikono yote miwili, ielekee kati ya kidevu na bega la kulia. Usikamue: ukihesabu moja hadi kumi, kaa kwenye nne. Kukamua kunakaza misuli ya mkono hadi begani, na bega lililokaza halizunguki.

Ukishajua mguso uko wapi kwenye uso, tafuta uko wapi ardhini. Chora mstari mrefu kwenye nyasi kwa chaki ya unga au rangi. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu, usiweke mpira, uzungushe namba saba ukate nyasi. Alama ya kukatika ianze juu ya mstari au mbele yake kidogo, upande wa lengo. Ikianza nyuma ya mstari, ukiwa na mpira ungechota udongo kwanza na mpira ungefika nusu ya safari. Sababu kubwa ni mbili: uzito kubaki mguu wa kulia, na nia ya kutaka kuunyanyua mpira. Mwinamo wa uso wa fimbo ndio unaonyanyua mpira, na ili ufanye kazi hiyo lazima fimbo iwe bado inashuka inapougusa. Zoezi lake: anza uzito mwingi, kama asilimia 70, ukiwa tayari mguu wa kushoto, uubakize hapo, na upige nusu swingi tu, mikono isipande juu ya kiuno kwenda wala kurudi. Alama zikianza kuhamia mbele ya mstari, ongeza urefu wa swingi kidogo kidogo.

Hapa nyasi zinadanganya. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizi hizi za Afrika Mashariki na leo zimefika hadi Afrika Kusini, Australia na California. Kwenye feawei, njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea shimoni, mashina yake manene yanaubeba mpira ukae juu kama uko kwenye tii fupi, kwa hiyo kosa la kuchota linafichika. Mchezaji huyo akienda uwanja wenye nyasi fupi na ardhi ngumu, ghafla anadhani swingi imepotea, kumbe ilikuwa hivyo siku zote. Kwenye rafu, nyasi ndefu za pembeni, mambo yanageuka: mashina yanayotambaa yanaikamata shingo ya fimbo, kichwa kinajifunga, mpira unatoka chini na kushoto. Chukua fimbo yenye mwinamo zaidi, fungua uso kidogo, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, na ushuke kwa wima zaidi. Kandokando ya grini, sehemu ya nyasi laini yenye shimo, usitegemee kuviringisha mpira kupitia nyasi hizo. Zinaushika na kuusimamisha. Urushe utue kwenye grini yenyewe.

Sasa mwelekeo. Wengi bado wanafundishana kwamba mpira huanza kule swingi inakoelekea, kisha hupinda kufuata uso wa fimbo. Vipimo vya rada vimeonyesha vingine: mpira huanzia karibu sana na pale uso ulipoelekea wakati wa mguso, halafu hupinda kulingana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Kwa anayepiga slaisi, mpira unaopinda kulia, hili lina maana kubwa. Mpira unapinda kulia kwa sababu uso uko wazi ukilinganisha na njia. Yeye anajibu kwa kuelekeza miguu na mabega kushoto, njia inazidi kukata kutoka nje kwenda ndani, tofauti inaongezeka, na mpira unapinda zaidi. Rekebisha mshiko kwanza, uso ufunge. Njia ishughulikiwe baadaye. Tena kabla ya kuilaumu swingi rudi kwenye alama za marka, kwa sababu dreva ikiugusa mpira upande wa kisigino, kichwa kujipinda huuzungusha mpira kulia hata kama njia ilikuwa nzuri.

Bingwa wa gofu Severiano Ballesteros, aliyeshinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwa ayoni moja namba tatu kwenye mchanga wa ufuo wa Pedreña, Uhispania. Mapro wengi wa Kenya na Uganda walitoka kwenye ukedi (kubeba begi za wachezaji), nao walianza na fimbo moja au mbili za kuokoteza. Fimbo moja inakulazimisha kujua uso wake unafanya nini ukiufungua, ukiufunga, ukisogeza mpira nyuma. Mwenye begi lililojaa tangu siku ya kwanza hulipata somo hilo kwa kuchelewa sana.

Tuje kwenye vifaa. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini haikuwekei idadi ya chini. Kwa kuanza saba zinatosha: pata, weji ya mchanga, weji ya kawaida, namba tisa, namba saba, haibridi moja (iliyo kati ya ayoni na mbao), na mbao (fimbo ya umbo la dreva lakini ndogo) namba tano au tatu ya kutolea kwenye tii. Namba saba ikianza kukutii, ndipo uongeze.

Shafti, yaani mti wa fimbo, ndiyo inayochanganya watu. Herufi L, A, R, S na X zinaonyesha ugumu, kutoka laini hadi ngumu, lakini hakuna kipimo kimoja cha dunia; R ya kampuni moja inaweza kukaribia S ya nyingine. Mwongozo wa jumla ni mwendo wa kichwa cha dreva: chini ya maili 75 kwa saa L, 75 hadi 85 A, 85 hadi 95 R, 95 hadi 105 S, zaidi ya hapo X. Huna kipimo? Pima umbali ambao mpira wa dreva unasafiri hewani, si pamoja na kuviringika. Usawa wa bahari, mguso mzuri wa maili 90 kwa saa hubeba kama yadi 205 hadi 215.

Nimetaja usawa wa bahari kwa makusudi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 6. Anayebeba yadi 150 kwa namba saba pale Nairobi atabeba kama yadi 141 akishuka Mombasa, yaani karibu fimbo moja nzima. Ukijipima bara bila kupunguza, utajiona una mwendo ambao huna na utanunua shafti ngumu kupita kiasi. Shafti ngumu mno kwa mwenye mwendo mdogo hutoa mpira wa chini, unaoelekea kulia, na mguso unaotetemesha mikono. Laini mno hufanya kinyume: mpira unapaa na kukimbilia kushoto, nawe huwezi kujua kichwa cha fimbo kiko wapi. Kwa ayoni, uzito una maana kama ugumu: shafti za chuma ziko kati ya gramu 90 na 130, za grafiti nyingi kati ya 50 na 80. Mzee, kijana mdogo, au mwenye maumivu ya kiwiko asione aibu kuchukua grafiti.

Ulalo wa fimbo, yaani pembe kati ya shafti na ardhi, hupuuzwa mno na ndio unaoharibu mikwaju mizuri. Marka yako itausoma. Chora mstari ulio wima kabisa nyuma ya mpira na upige namba saba. Mstari utajichapa kwenye uso. Ukisimama wima, sawa kwenye mifereji ya uso, ulalo unakufaa. Kichwa cha mstari kikiegemea upande wa ncha, ncha ilikuwa juu wakati wa mguso: fimbo imesimama mno kwako na mpira utavutwa kushoto. Kikiegemea kisigino, fimbo imelala mno na mpira utasukumwa kulia. Kosa la nyuzi moja tu kwa mkwaju wa yadi 150 ni yadi tatu au nne pembeni, na kadiri mwinamo wa uso unavyokuwa mkubwa ndivyo athari inavyokua, kwa hiyo weji zinaumia zaidi ya ayoni ndefu. Ayoni zilizofuliwa hukunjwa bila shida kwenye mashine ya fundi. Zile za kumiminwa ni ngumu zaidi, na fundi mwangalifu hatazidisha nyuzi mbili. Chapa mipira mitano au sita kabla ya kuamua, na uwe umesharekebisha mguso, la sivyo utapinda fimbo kufuata kosa la swingi.

Namba iliyoandikwa kwenye soli, chini ya kichwa cha fimbo, nayo usiiamini kirahisi. Namba saba ya zamani ilikuwa na nyuzi 34 au 35. Ayoni nyingi za sasa za kumsaidia mchezaji wa kawaida zina namba saba ya nyuzi 28 hadi 30, na weji ya seti ile ile imeshuka hadi 43 au 44. Weji ya mchanga bado ni 54 au 56. Kati ya 43 na 56 kuna pengo la nyuzi 13, na ndani yake umbali wa yadi 30 na zaidi usio na fimbo. Mchezaji akiwa yadi 95 anabaki kubana swingi au kuikamua. Nunua weji ya nyuzi 49 au 50 uzibe hapo. Kanuni nzuri ni kuachanisha weji kwa nyuzi nne hadi sita.

Weji pia ina mbinuko wa soli, ile sehemu ya chini inayozuia makali ya mbele yasizame. Mbinuko wa nyuzi 10 hadi 14 unafaa mchanga laini, ardhi yenye unyevu na mchezaji anayeshuka kwa wima. Wa nyuzi 4 hadi 8 unafaa ardhi ngumu na anayefagia nyasi. Kwenye ardhi iliyokauka kwa kiangazi, soli yenye mbinuko mkubwa hudunda na makali yakaugonga mpira katikati, ukavuka grini. Kama utakuwa na weji moja tu ya mchanga, chukua 56 yenye mbinuko wa 10, inavumilia mengi.

Dreva, hatimaye. Sheria inaruhusu ujazo wa kichwa hadi sentimita za ujazo 460, na karibu zote za sasa zimefika hapo. Kwa mwendo wa chini ya maili 95, mwinamo wa nyuzi 10.5 hadi 12 utakupa umbali zaidi ya 9, kwa kuwa mpira unahitaji kupaa ili usafiri. Nyingi zinauzwa na urefu wa inchi 45.5 au 46. Ukikamata chini nusu inchi au inchi nzima, mguso unarudi katikati, na kwa wengi umbali hauonekani kupungua. Weka mpira mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto, na tii iwe juu kiasi kwamba nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha fimbo.

Pata isikuchukulie muda mrefu dukani. Wengi wanahitaji inchi 33 hadi 35. Mikono ikining'inia bila kukunjwa sana, macho yawe juu ya mpira au ndani yake kidogo. Ugumu uko kwenye kusoma nyasi. Bermuda, iliyoenea kwenye joto la mwambao, ina mwelekeo. Ukitazama kuelekea shimoni na nyasi zinang'aa, unakwenda nazo na mpira utakimbia. Zikiwa na rangi iliyofifia, unapingana nazo. Ukingo wa shimo pia unasema: upande uliochakaa na kuchanika ndio nyasi zinakoelekea.

Mipira ni ya makundi mawili makubwa. Yenye ganda gumu la ayonoma ni ya bei nafuu, haikwaruziki upesi, na inazunguka kidogo. Yenye ganda la yurethani inazunguka zaidi na kusimama haraka grini inapopigwa kwa weji, na bei yake iko juu. Mpaka uwe na mguso wa kuaminika wa weji, ya kwanza inakutosha. La muhimu ni kutumia aina moja raundi nzima, uzoee inavyotua. Mipira iliyoopolewa mabwawani ni ya mazoezi tu, maana aliyekuuzia hajui ilikaa majini muda gani.

Gripu, sehemu ya kushikia fimbo, hubadilishwa mara moja kwa mwaka kwa anayecheza kila wiki, mapema zaidi kwenye joto na jasho la Dar es Salaam. Zikianza kung'aa na kuteleza, utakamua bila kujijua. Ukubwa unapimwa kwa mkono wa kushoto: ukishika, ncha za vidole viwili vya kati ziguse kiganja kwa wepesi. Zikizama kiganjani gripu ni nyembamba. Zisipofika, ni nene.

Kwa fimbo za mtumba, ambazo ndizo wengi wetu tunaanza nazo, nenda dukani mchana. Lenga jicho kando ya shafti ya chuma kuanzia kwenye gripu, uone kama imepinda. Ya grafiti pitisha ukucha juu yake ukitafuta ufa, hasa karibu na kichwa. Shika shafti kwa mkono mmoja na ujaribu kukizungusha kichwa kwa mwingine. Kikicheza au kikilia, gundi imeachia. Pitisha kucha kwenye mifereji ya weji: isiponasa kabisa, imekwisha. Zipange ayoni zote kwa mfuatano, urefu ushuke kwa takriban nusu inchi kutoka moja hadi nyingine, na shafti ziwe na chapa ile ile, kwani seti nyingi zimeunganishwa kutoka begi mbili tofauti. Kwa dreva ya jina kubwa yenye bei ndogo ya kushangaza, tazama namba ya utambulisho kwenye shingo, ulinganishe herufi na rangi za kichwa na picha za tovuti ya kampuni. Ghushi mara nyingi hujionyesha kwenye rangi iliyovuka mstari na maandishi yasiyo na kina. Halafu omba upige mipira mitano, na marka iwe mfukoni.